Nairobi hadi New York bila kutua njiani: saa 15 za Kenya Airways

Ukiuliza mtandaoni umbali wa Nairobi hadi New York, utapewa kilomita 11,800 na ushee, na safari ya saa 13. Umbali ni huo kweli, muda sio. Vikokotoo hugawa kilomita kwa mwendo wa ndege ikiwa angani, takriban kilomita 900 kwa saa, bila kuhesabu kuzunguka uwanjani wala upepo. Juu ya Atlantiki upepo mkali huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo ukienda unakukabili na ukirudi unakusukuma. Kenya Airways, inayoruka njia hii moja kwa moja tangu tarehe 28 Oktoba 2018, huweka takriban saa 15 kwenda na 14 na nusu kurudi. Panga kwa hizo.

Ndege huondoka Nairobi usiku, na kuna sababu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Ndege iliyobeba mafuta ya safari nzima huinuka vizuri zaidi hewa ikiwa ya baridi.

Ndege yenyewe, Boeing 787-8, ndiyo sifa kubwa ya huduma hii. Hewa ya ndani haiwi nyepesi kuliko ile ya mwinuko wa mita 1,800, wakati ndege nyingi za zamani hufika 2,400. Mtu wa Nairobi anapumua karibu kama yuko nyumbani. Dirisha halina pazia: chini yake kuna kitufe, ukikibonyeza kioo kinageuka buluu nzito. Daraja la kawaida lina viti 204, kila mstari ukiwa na mafungu matatu ya viti vitatu vitatu. Chagua cha kando ya njia, maana saa 15 bila kuinuka miguu itavimba.

Usilale mara tu ndege ikipaa. Ukiondoka saa 5 usiku wakati wa baridi, New York ni saa 9 alasiri, na utatua huko alfajiri ukiwa na siku nzima mbele yako. Kula, kaa macho saa nne au tano, kisha lala hadi karibu na kutua.

Je, bei ya juu ya safari hii ya moja kwa moja ina haki? Kwa mzee au mama mwenye watoto anayeishia New York, ndiyo kabisa. Kupitia Dubai kunaongeza kama kilomita 2,700, mbali na kungoja. Kupitia Amsterdam kunaongeza kama 700 tu, basi tiketi ikiwa nafuu na kungoja kukiwa kufupi, hujapoteza. Na anayekwenda mji mwingine wa Marekani, kama Minneapolis, atabadilisha ndege hata hivyo. Amsterdam kuna inayofika huko moja kwa moja.

Ukiunganisha safari JFK, uwanja wa New York ambako ndege hii hutua, jua kwamba mizigo yote huchukuliwa hapo, hata ikiwa na lebo ya mji wa mwisho: unapita uhamiaji, unaitoa kwenye mkanda, unapita forodha, unaikabidhi upya. Wengi hukosa ndege ya pili hapa. Acha saa tatu ikiwa inaondokea Terminal 4, jengo hilo hilo ambalo Kenya Airways hufikia, nne ikiwa ni jengo jingine la kufikiwa kwa treni ya AirTrain.