Huduma ya kuhamisha miti ya matunda Dodoma: kuchimba wanajua, maandalizi hawana

Tangu ujenzi ushike kasi Iyumbu, Ihumwa na Mtumba, wapo vijana wenye kirikuu wanaohamisha miti inayozaa ili kupisha msingi au ukuta. Hapa tunapima kazi ya kikundi kimojawapo.

Kuchimba wanakuweza. Shina lenye unene wa sentimita 5 huliachia donge la udongo lenye upana wa sentimita 60 na kina cha 50, hulifunga gunia la katani likiwa bado shimoni, kisha hunyanyua kwa kushika donge lenyewe. Lina kilo zaidi ya 200, hivyo watu wanne na mbao za kutelezeshea ni lazima. Mizizi minene huikata kwa msumeno. Sururu huipasua, na uozo huingilia kwenye mpasuko. Umwagilie siku moja kabla, maana kichanga cha huku kikiwa kikavu donge humomonyoka.

Kasoro kubwa ni kwamba wanachimba na kuhamisha siku hiyohiyo. Mti uliokomaa hukatwa mizizi kwa mzunguko mapema, nusu kwanza, nusu nyingine baada ya wiki kadhaa, ili mizizi midogo ya kunyonya maji iote ndani ya donge. Kwa Dodoma anza Septemba huku ukimwagilia, uhamishe mvua za Desemba zikishika. Wao hata Agosti wanakuja! Kwa upepo ule, majani hupoteza maji kuliko mizizi iliyosalia inavyovuta.

Kupanda wanapatia nusu. Shimo lina upana maradufu ya donge, vizuri, ila wanalizamisha mno. Shingo ya shina ibaki usawa wa ardhi, na kwa mchungwa, kovu la kubebeshea (pale aina mbili zilipounganishwa) likae juu kabisa, vinginevyo shina huoza. Samadi mbichi wanayojaza chini wakatazeni. Huunguza mizizi yenye majeraha. Nyasi za kutandaza zikae mbali na shina, mchwa wa huku hawana simile.

Mkomamanga wapeni bila wasiwasi. Mwembe wa mbegu wenye shina nene, hapana: mzizi mkuu ukikatwa haupati mbadala upesi, na mche uliobebeshwa huanza kuzaa kwa miaka 3 hadi 4 tu.

Malipo wanataka yote papo hapo. Bakizeni theluthi mpaka machipukizi ya pili. Ya kwanza hutoka kwa akiba iliyomo shinani, hata kama mizizi imekufa.