Nimemaliza The Office, na aliyenikaa moyoni ni Dwight

Mtu akikushawishi uangalie The Office ya Marekani, kile kichekesho cha televisheni, mara nyingi atakutajia Jim na Pam. Sina ubishi, hata mimi mapenzi yao ndiyo yaliyoninasa mwanzoni. Ila nimeimaliza, nikairudia, na uhusiano ninaowasimulia watu mpaka wanachoka kunisikiliza ni wa Pam na Dwight. Hauna busu wala kuagana kwa machozi uwanja wa ndege, na mara nyingi unapita pembeni wakati kamera inamfukuzia mtu mwingine.

Kwa asiyeijua: ni tawi la kampuni ya kuuza karatasi, Dunder Mifflin, mjini Scranton, jimbo la Pennsylvania. Kuna watu wa kamera wanaorekodi maisha ya ofisi, kwa hiyo wahusika wanajua wanatazamwa, na kila baada ya muda mmoja wao anakaa peke yake na kuimwagia kamera yaliyo moyoni. Televisheni ya NBC walianza kuirusha Machi 2005 na ikaisha Mei 2013, misimu 9, sehemu 201. Greg Daniels aliijenga juu ya ile ya Uingereza ya Ricky Gervais na Stephen Merchant. Msimu wa kwanza una sehemu 6 tu, na bosi wao Michael Scott (Steve Carell) anakera mno humo. Vumilia. Kuanzia msimu wa pili bado ni mpayukaji yuleyule, lakini unaanza kuona kinachomsumbua: anataka kupendwa, na hajui watu wengine hulipataje hilo.

Sasa Dwight Schrute (Rainn Wilson). Muuzaji hodari, mkulima wa bitiruti, mtu wa sheria na kanuni, anayejikomba kwa bosi bila chembe ya haya. Katika sehemu ya kwanza kabisa Jim (John Krasinski) anaichukua stepla yake na kuigandisha ndani ya jeli, na Pam wa mapokezi (Jenna Fischer) anakufa kwa kicheko. Hapo ndipo wanapoanzia wote watatu: wawili wanacheka, mmoja anachekwa.

Msimu wa pili Michael anaungua mguu kwa grili aliyoiweka chini kando ya kitanda, eti aamke na harufu ya bekoni. Dwight anakimbia kumwokoa, anagonga nguzo na gari, anapata mtikisiko wa ubongo. Kwa saa chache anakuwa mpole ajabu na kuongea na Pam kama wamejuana miaka. Pam anamfurahia, tena anamfurahia kweli, na wakati wa kumpeleka hospitali anamuaga kama mtu anayejua kwamba Dwight huyu kesho hatakuwepo. Ingeweza kubaki kichekesho cha siku moja, vichekesho vingi ndivyo vifanyavyo. Waandishi hawa waliichukua mbegu ile wakaitunza.

Ndipo msimu wa tatu tunamkuta Pam amekaa kwenye korido analia, maana Jim sasa yuko na mpenzi mwingine, Karen. Anayepita ni Dwight. Kwanza anataka kujua nani kamliza na yuko wapi, yaani yuko tayari kwa vita. Akiambiwa hakuna mtu, anampa leso, anaona joto, anavua koti, analifunga kiunoni, kisha anakaa kando yake na kumpitishia mkono mabegani. Halafu anaharibu kwa kumuuliza kama ni siku zake. Nimeiangalia sehemu hiyo mara nyingi kwa ajili ya lile koti. Mtu anayejua kufariji asingehangaika na koti. Dwight anafariji kama anavyofanya kazi zake nyingine, hatua kwa hatua, akijiandaa kama anayeingia shambani, na Pam anamwelewa. Hamkosoi wala hamcheki. Anakaa naye tu.

Hiki ndicho ninachokipenda zaidi katika mfululizo huu: hakuna anayebadilishwa tabia yake ya asili. Dwight haachi kuwa Dwight. Kinachobadilika ni namna anavyoitumia tabia ileile, na upande wa nani.

Pam ndiye aliyesafiri mbali kuliko wote, na safari yake haikunyooka. Msimu wa tatu anaonyesha michoro yake na karibu ofisi nzima haiji. Oscar, mhasibu wa ofisi, anakuja na mpenzi wake Gil, na Pam anawasikia kwa masikio yake wakisema kazi yake haina ujasiri. Anaanza kuondoa michoro ukutani. Michael anaingia amechelewa, katoka kuaibishwa darasani kwa Ryan, kijana wa ofisini anayesomea biashara, anasimama mbele ya mchoro wa jengo la ofisi yao na kuuliza bei. Anamwambia Pam kwamba anamwonea fahari. Huyu ni bosi ambaye kwa siku nyingine zote ungemshtaki, na ndiye pekee aliyeona mchoro ule ni wa thamani. Unatundikwa ofisini na kukaa pale hadi sehemu ya mwisho, Pam mwenyewe anapouteremsha.

Kutoka hapo msichana aliyekuwa akimeza kila kitu anakanyaga makaa ya moto ufukweni na kuwaambia wenzake wote, Jim akiwemo, kwamba wamemtupa. Msimu wa tano anaacha kazi kumfuata Michael kwenye kampuni mpya aliyoianzisha kwa kubahatisha, wanarudi, anakuwa muuzaji, na kuuza kunamshinda. Msimu wa saba anajibunia cheo cha msimamizi wa ofisi na kumkazia macho Gabe wa makao makuu mpaka anakubali kwamba kilikuwepo. Napenda kwamba hawakumfanya msanii maarufu. Alijipatia cheo kwa uongo mdogo uliotulia, basi.

Jim naye kuna jambo nililoliona niliporudia mara ya pili. Msimu wa tano ananunua nyumba ya wazazi wake bila kumwambia Pam. Nyumba ya ovyo, lakini Pam anapenda, na sisi watazamaji tunaona ni mahaba. Msimu wa tisa anajitosa kwenye biashara ya michezo kule Philadelphia, tena bila kumwambia. Ni tendo lilelile, mtu yuleyule, ila sasa wana watoto wawili na haichekeshi tena. Kuna simu moja anamfokea Pam kwa sababu hakurekodi onyesho la dansi la binti yao, onyesho ambalo yeye mwenyewe hakufika. Pam anakata simu, anaanza kulia, na mtu wa maikrofoni, Brian, ambaye kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kumwona, anajitokeza kumbembeleza na kuwaambia wenzake wazime kamera. Watu wengi hawapendi kipande hiki. Mimi naona bila hiki, ndoa yao ingebaki tangazo la ndoa. Na katika sehemu ya mwisho ni Pam anayeiweka nyumba sokoni kisirisiri ili Jim aende Austin na kazi yake. Amemlipa kwa mchezo wake mwenyewe.

Kati ya Jim na Dwight, nenda msimu wa nne, kwenye ngazi. Mpenzi wake Angela, mhasibu wa ofisi, amemwacha Dwight (Dwight alimgandisha paka wa Angela kwenye friza, usinikumbushe) na mtu mzima analia hadi sauti inapanda ghorofani. Jim anakaa na kumweleza jinsi yeye alivyokuwa alipomkosa Pam: usingizi haukuja, chakula hakikuwa na ladha, mpaka akahamia tawi jingine. Dwight anainua mkono kumkumbatia. Jim ameshaondoka. Kwa mahasimu wale, hapo ndipo mwisho wa huruma inayoweza kuaminika, na waandishi walijua kukomea hapo.

Angela na Oscar nao wamenishangaza. Msimu wa tatu ilipojulikana Oscar ni shoga, Angela alimwona kama uchafu. Msimu wa tisa anagundua mumewe seneta ana uhusiano na Oscar huyohuyo, na alipobaki hana pa kulala, aliyemfungulia mlango ni Oscar. Kwenye maelezo inasikika kama tamthilia ya machozi. Kwenye kioo inachekesha, kwa sababu Angela hata akiwa chini kabisa hapunguzi hata inchi ya kiburi.

Palipopooza ni kwa Andy (Ed Helms), muuzaji mwenzao. Walimjenga vizuri: aliingia mwenye hasira za kupiga ukuta ngumi, akatulia, akawa mtu wa kumwonea huruma, wakampa umeneja msimu wa nane. Kisha msimu wa tisa wanampeleka baharini miezi kadhaa na kumrudisha mbinafsi asiyeeleweka, na mpenzi wake Erin anaachwa akipoteza muda. Huwezi kumpandisha mtu misimu sita ukamwangusha kwa sababu hadithi inahitaji nafasi. Msimu wa nane wote, baada ya Michael kuondoka mwishoni mwa wa saba, unayumba. Ukichoka, ruka baadhi ya sehemu zake. Wa tisa usiuguse kwa mkasi.

Maana huko ndiko Dwight anakokuwa meneja hatimaye, cheo alichokililia tangu siku ya kwanza, na inabainika anakiweza. Jim na Pam wanapokuja kumwambia wanaacha kazi, anakataa kuwaruhusu waache. Anawafukuza, kwa sababu anayefukuzwa hupata kiinua mgongo na anayeacha hapati. Mpenda kanuni yule aliyewahi kuwakera wote kwa kanuni zake amepata kanuni ya kuwapendea. Kisha anaketi mbele ya kamera kueleza kama anaelewana na walio chini yake, anawataja mmojammoja, Oscar baba wa ubatizo wa mwanawe, Angela mkewe, na akifika kwa Pam anasema ni rafiki yake mkubwa kuliko wote. Anaitaja kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa ghalani, ndiyo maana ikaniumiza.

Na ili usidhani kila mtu ametakaswa, kwenye harusi ya Dwight na Angela, katika sehemu hiyohiyo ya mwisho, kuna Ryan na mpenzi wake wa zamani wa ofisini, Kelly. Ryan kaja na mtoto mchanga, anampa stroberi akijua zinamdhuru, ili tu mpenzi wa Kelly, ambaye ni daktari wa watoto, ashughulike naye. Wawili hao wanatoroka pamoja, mtoto anabaki. Miaka yote ile, na hawajakua hata kidole.