Mfugaji wa paka wa Kiajemi: paka safi, ila alichonifanyia sebuleni kwake sisahau

Jamani nianze na haki yake kwanza, isije ikaonekana namchafua mtu. Kitoto cha paka nilichochukua kwa huyu bwana wa hapa Dar ni kizima, kinakula, macho makavu, blenda ikiwaka wala hakishtuki. Mama yake nilimwona kwa macho yangu kalala kwenye vigae, sio zile za kutumiwa picha wasap halafu mnakutana stendi na mtu kabeba boksi. Kadi ya chanjo ina stika na mhuri wa daktari wa mifugo. Na aligoma kabisa kunipa kabla ya wiki 12, nilibembeleza weee akasema hapana, kikae na mama na ndugu zake kijifunze, hapo nikasema huyu ndo mfugaji sasa. Nikatuma advansi.

Sasa siku ya kuchukua. Nimekaa sebuleni, kitoto kiko mapajani kinatafuna kamba ya pochi yangu, kuna wateja wengine mtu na mkewe, nikauliza kwa upole kabisa, kaka, hawa wazazi umewapima PKD? Kwa wasiojua, paka wa Kiajemi wana ugonjwa wa figo wa kurithi, figo inajaa vifuko vya maji taratibu mpaka inashindwa kazi, na ubaya wake paka anaweza kufika hata miaka 7 unamuona mzima tu. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ni nusu kwa nusu kuurithi. Na sio kitu kigeni, watafiti wa UC Davis kule Marekani waliipata hitilafu yenyewe kwenye vinasaba mwaka 2004, kupima unasugua kijiti cha pamba ndani ya shavu la paka unatuma maabara, basi.

Bwana akaniangalia juu mpaka chini. "Dada, umekuja kununua paka au kuposa?" Wale wateja wakacheka. Nikadhani utani, nikarudia swali, ndo akanyanyuka akakichomoa kitoto mapajani mwangu, kucha bado zimenasa kwenye gauni, akasema kwa sauti kama hela imekupungukia sema, wanaomtaka wapo. Hela! Advansi yangu umeikalia wiki kadhaa, leo nauliza swali moja la figo nimekuwa masikini?

Aliyeokoa ni mkewe, mama mstaarabu sana yule, akaniita jikoni akanirudishia paka wangu na pakiti ya chakula alichozoea, akaomba radhi. Ila karatasi ya kipimo hata yeye hana, anasema hatujawahi kupata malalamiko. Mtapataje mama, ugonjwa wenyewe unajitokeza mteja kashapoteza hata namba zenu?

Nilikaa chini kuandika nikiwa nimepanga niseme nendeni tu mkanunue, paka wake wazuri, yeye mvumilieni. Lakini kadiri ninavyoandika naona hapana. Unajitangaza mfugaji makini, unauza paka kwa bei ya ng'ombe, umakini gani huo unapandisha wale wale kila mwaka na figo zao huzijui, halafu anayeuliza ndo anadhalilishwa mbele za watu? Usafi anao, chanjo anazo, hapo namkubali na sitarudi nyuma. Kwenye figo simwelewi na sitaki kumwelewa.

Wangu akitimiza miezi 10 nampeleka ultrasaundi, maana kuanzia umri huo ndo vile vifuko vinaonekana vizuri, na gharama ni juu yangu. Akiwa mzima nitakuja kusema hapa hapa, akiwa nao nitakuja na picha. Kwa sasa mtu asitume advansi pale kabla hajaona majibu ya wazazi wote wawili, baba na mama. Na yule mama kama atasoma hii, mama yangu, sina ugomvi na wewe hata kidogo.