Uzoefu wangu wa kucheza michezo ya mtandaoni kwa Wi-Fi baada ya kubadili ruta

Ninacheza michezo ya mtandaoni karibu kila jioni, hasa ile ya kufyatua risasi na ya mpira wa miguu, na yote naicheza kwa Wi-Fi kwa kuwa chumba ninachochezea kiko mbali na ruta. Hivi karibuni niliachana na ruta ya zamani iliyotumia bendi (masafa ya mawimbi ya redio) ya 2.4 GHz pekee, nikanunua ya Wi-Fi 6, yaani kizazi cha sita cha Wi-Fi, yenye bendi mbili, 2.4 na 5 GHz, na sasa nimeitumia vya kutosha kuweza kuizungumzia. Nimeridhika nayo, ingawa kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi lake haina mchango wowote katika kuridhika kwangu.

Ukiacha kupakua mchezo wenyewe na masasisho yake, ambayo huweza kufika gigabaiti nyingi, mingi ya michezo hii hutumia chini ya megabiti 1 kwa sekunde wakati wa kucheza. Kinachotakiwa ni pakiti ndogondogo, yaani vipande vya data, zifike upesi na kwa mwendo ule ule. Pingi (muda wa pakiti kwenda na jibu lake kurudi) ya milisekunde 60 isiyotikisika inachezeka vizuri kuliko ile inayokaa kwenye 25 kisha ikapaa ghafla hadi 200, kwa sababu mikono huzoea ucheleweshaji ulio thabiti lakini haiwezi kuuzoea unaokuja na kuondoka. Wi-Fi huirudia pakiti iliyoharibika hewani, na kila marudio huongeza muda. Ndiyo maana adui huonekana akiruka kutoka kona moja hadi nyingine, au risasi uliyoilenga vizuri haihesabiwi.

Njia niliyoitumia kupima ni rahisi, na ningependa kila mchezaji aijue kabla ya kuilaumu kampuni inayomuuzia intaneti. Mchezo ukiwa unaendelea, nilifungua dirisha la amri kwenye kompyuta nikaiacha amri ya ping iite anwani ya ruta yenyewe, badala ya tovuti yoyote ya nje. Kwa ruta ya zamani majibu yalikuja kwa milisekunde 3, 4, 3, kisha 180, kisha 95, kisha 4 tena, na kila namba ilipopaa mchezo nao ulikwama. Kwa kuwa pakiti hizo hazikutoka nje ya nyumba, tatizo lilikuwa hewani, kati ya kompyuta na ruta.

Bendi ya 2.4 GHz imejaa mno. Ina chaneli (migawanyo ya bendi) tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na ruta za majirani wote hugombania hizo hizo, pamoja na vifaa vya Bluetooth. Mikrowevu nayo hufanya kazi karibu na 2.45 GHz, na kwangu ilikuwa ikiwashwa jikoni mchezo unaanza kukatikakatika hadi kengele yake ilie.

Nilipohamia 5 GHz hali ilibadilika siku hiyo hiyo, na pingi ya kwenda kwenye ruta ikatulia kwenye milisekunde 2 hadi 5. Bendi hii ina chaneli nyingi zaidi, ila mawimbi yake hudhoofika haraka yanapopita ukutani, kwa hiyo ilinibidi kuitoa ruta nyuma ya kabati na kuiweka juu, mahali pa wazi. Vilevile niliichagulia chaneli mwenyewe, kati ya 36 na 48, kwa sababu baadhi ya chaneli za 5 GHz hutumiwa pia na rada, na ruta ikihisi rada hulazimika kuhama mara moja, jambo linaloweza kukukata katikati ya mechi.

Hata hivyo, manufaa makubwa kuliko yote niliyapata kwenye foleni ndani ya ruta. Mtu mmoja nyumbani akianza kuhifadhi picha za simu yake mtandaoni, njia ya kupandisha data hujaa, na pakiti za mchezo husubiri nyuma ya picha hizo hata kama Wi-Fi ni safi kabisa. Ruta yangu ina mpangilio wa kusimamia foleni kwa mbinu ya fq_codel, iliyochapishwa rasmi kama hati ya kiufundi ya intaneti, RFC 8290, mwaka 2018, ambayo hutenganisha mikondo ya data ili pakiti chache za mchezo zisifunikwe na mzigo wa mwingine. Niliuwasha, nikaiwekea ruta kikomo cha takriban asilimia 90 ya kasi halisi ya kupandisha. Nilipoteza kasi kidogo, lakini sasa picha hupanda huku mechi ikiendelea bila kutikisika. Inanikera kwamba mpangilio wa maana kiasi hiki umefichwa ndani kabisa ya menyu, ilhali kitufe kikubwa cha hali ya michezo kimewekwa ukurasa wa mbele, nami sikuona tofauti yoyote nilipokipima.

Kuhusu Wi-Fi 6 yenyewe, uwezo wake wa kuhudumia vifaa kadhaa kwa wakati mmoja ni wa kweli, ila simu nyingi za nyumbani kwetu ni za zamani na haziutumii, hivyo bado vifaa hupeana zamu hewani. Kebo haina zamu hizo, kwani hutuma na kupokea kwa pamoja, na nilipoisogeza kompyuta karibu na ruta nikaichomeka kebo, pingi ilibaki milisekunde 1 muda wote. Wala ruta yoyote haiwezi kufupisha umbali: nuru husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo seva (kompyuta inayoendesha mchezo) iliyo umbali wa kilomita 5,000 haiwezi kukupa pingi chini ya milisekunde 50.

Nilijaribu pia kifaa cha kurefusha mawimbi kwa ajili ya chumba cha mwisho, nami nisingemshauri mchezaji akinunue. Kwa kuwa hupokea na kurusha kwenye bendi ile ile, kila pakiti hupita hewani mara mbili, na pingi ilianza kuyumba upya. Anayelazimika kuwa nacho achague chenye bendi ya pekee ya kuwasiliana na ruta, au kinachounganishwa na ruta kwa kebo.