Kalamu za Ofisini na za Kila Siku: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe Dukani

Mnunuzi wa kalamu kwa kawaida hutazama bei, huuliza rangi ya wino, kisha huchora viduara viwili vitatu kwenye kipande cha boksi alichopewa na mwenye duka. Mimi ni karani katika chama cha akiba na mikopo huku Busia, upande wa Uganda, na baada ya miaka mingi ya kuandika risiti na kujaza madaftari nimeona kwamba swali la kwanza linapaswa kuwa jingine: kalamu hii itaandika juu ya karatasi gani? Ofisi nyingi za hapa kwetu hutegemea kitabu cha risiti chenye nakala mbili au tatu, pamoja na daftari la kurasa nyembamba ambazo wino mwepesi hupenya hadi upande wa pili. Kwa sababu hiyo, nimezipanga kalamu zifuatazo kwa kuzingatia karatasi hizo kwanza, na uzuri wa mwandiko baadaye.

Nafasi ya kwanza ninaipa kalamu ya gololi ya kawaida, yenye ncha ya milimita 1.0. Wino wake ni mzito, wa mafuta, na hautoki mpaka gololi iliyo kwenye ncha izunguke juu ya karatasi. Ndiyo sababu mwandishi hulazimika kukandamiza kidogo, na mkandamizo huo ndio unaofikisha maandishi kwenye nakala ya pili na ya tatu. Ukitaka kuhakikisha, andika mstari mmoja, geuza karatasi, kisha pitisha kidole nyuma yake. Kalamu ya gololi huacha matuta madogo yanayosikika kidoleni, ilhali kalamu yenye wino mwepesi huacha karatasi laini kama ilivyokuwa.

Jambo hili nilijifunza kwa gharama. Kuna kipindi nilipewa kalamu nzuri ya jeli, nikaipenda jinsi inavyoteleza, nikaitumia kuandikia risiti kwa wiki nzima. Mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni aliweka shilingi 85,000, na baada ya siku chache akarudi kwa kuwa risiti yake ilikuwa imepotea na alihitaji kuthibitisha malipo. Nikafungua kitabu kwenye nakala ya tatu, ile inayobaki ofisini, nikakuta kivuli cha herufi mbili tu. Akainama, akaitazama, akasema kwa upole, “Mwanangu, kitabu chako hakina kitu.” Nikamwomba radhi, “Samahani, mama, nivumilie kidogo,” na ilituchukua nusu siku kutafuta kiasi hicho kwenye daftari la siku ile. Kwa mtu anayeweka akiba yake shilingi kwa shilingi, nusu siku ya wasiwasi si jambo dogo, na tangu hapo kalamu ya jeli haijagusa tena kitabu changu cha risiti.

Katika kundi hili la kwanza, BIC Cristal ndiyo inayojulikana zaidi. Marcel Bich aliianzisha nchini Ufaransa mwaka 1950, na umbo lake halijabadilika sana: mwili wa pembe sita usiobingirika mezani, ulio wazi ili uone wino umebaki kiasi gani. Kile kitundu kidogo ubavuni mwake si kasoro ya kiwandani, kama wengi wanavyodhani. Huruhusu hewa iingie kadiri wino unavyopungua, na anayekiziba kwa gundi ya karatasi huiharibu kalamu yake mwenyewe. Tundu la kwenye kifuniko nalo liliwekwa ili mtoto akimeza kifuniko kwa bahati mbaya hewa iendelee kupita. Kalamu za Nice, zinazotengenezwa Kampala na Nice House of Plastics, zinafanya kazi hiyo hiyo na zinapatikana hadi kwenye vibanda vya vijijini, kwa hiyo ukiishiwa ukiwa safarini hutakosa ya kununua. Kalamu za aina hii huuzwa kati ya shilingi 500 na 1,000 kwa moja, na anayenunua boksi zima la kalamu 50 hupata nafuu. Udhaifu wao ni baridi: wino wa mafuta huwa mzito zaidi, na asubuhi za Kabale unaweza kulazimika kuisugua kalamu katikati ya viganja kabla haijaanza kuandika.

Nafasi ya pili ni kalamu ya jeli, lakini si kila jeli. Wino wa rangi iliyoyeyushwa unaweza kuoshwa kwenye karatasi kwa kemikali, na wezi wa hundi wanalijua hilo. Wino wenye chembechembe za rangi huingia kwenye nyuzi za karatasi na kung’ang’ania humo. Uni-ball Signo 207 inajulikana kwa wino wa aina hiyo. Kwa hundi, mkataba, au hati ya mauziano ya kiwanja, ningependa kila ofisi iwe na walau kalamu moja kama hiyo, iliyofungiwa kwenye mtoto wa meza na kutolewa kwa ajili ya sahihi tu. Chagua ya buluu, kwa kuwa sahihi ya buluu humsaidia msomaji kutofautisha hati halisi na nakala yake iliyotolewa kwa mashine ya rangi nyeusi. Jeli huisha haraka kuliko wino wa mafuta, hukawia kukauka, na anayeandika kwa mkono wa kushoto ataipaka kwa kiganja chake. Aidha, ikianguka kwa ncha juu ya sakafu ya saruji, mara nyingi huo ndio mwisho wake.

Ya tatu ni kalamu ya chuma ya kubonyeza, ambayo mrija wake wa wino hubadilishwa. Parker Jotter, iliyoanza kuuzwa mwaka 1954, ndiyo mfano unaofahamika, na mirija ya umbo lake hutengenezwa na kampuni nyingine pia. Ni kalamu ya gololi, hivyo inafaa kwa risiti, nayo hudumu miaka. Nimeishusha hadi hapa kwa sababu mbili tu. Za bandia ni nyingi, na kalamu iliyo mezani pa kuhudumia wateja hutembea. Basi iwe ya mtu binafsi, ikae mfukoni mwake.

Ya nne ni kalamu ya wino wa maji, kama Pilot V5. Mwandiko wake ni safi na mkono hauchoki, lakini kwenye kurasa nyembamba wino husambaa, na tone moja la mvua hufuta jina la mtu. Mvua zetu huanza Machi hadi Mei na kurudi tena kuanzia Septemba, kwa hiyo anayekusanya michango nje ya ofisi asiibebe. Inafaa kwa daftari lenye karatasi nzito linalokaa ndani.

Ya mwisho ni kalamu inayofutika, na hapa naomba msomaji asikilize kwa makini. Wino wa kalamu kama Pilot FriXion hupoteza rangi kwa joto, karibu nyuzi 60 za Selsiasi, nao huweza kurudi ukipozwa chini ya sifuri. Karatasi iliyoandikwa kwa wino huo ikipitishwa kwenye mashine ya laminesheni hutoka tupu, na ikiachwa juani kwenye dashibodi ya gari inaweza kutoka hivyo hivyo. Ni chombo kizuri cha kupangia ratiba. Kwenye risiti, hundi au mtihani isionekane kabisa.

Penseli sijaiweka kwenye daraja, kwa kuwa ina kazi yake. Mzazi anayemwandalia mtoto mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, anunue kalamu mbili za gololi za buluu au nyeusi kwa ajili ya majibu na penseli kwa ajili ya michoro, maana ndivyo karatasi za UNEB, baraza la mitihani la Uganda, zinavyoagiza.

Ukienda dukani, iwe Nasser Road mjini Kampala au duka la jirani, usijaribie kalamu kwenye boksi. Chukua kitabu chako cha risiti kilichokwisha, chenye kurasa chache zilizoharibika, uweke karatasi ya kaboni mahali pake, uandike jina na kiasi kama unavyoandika kila siku, kisha usome nakala ya chini kabisa kabla ya kutoa fedha.