Mkanda wa kunolea wembe kutoka kwa fundi wa makubadhi, Lamu

Anayenyoa ndevu kwa wembe wa kukunja anajua kwamba wembe ni nusu tu ya kazi. Jiwe la kunolea huguswa mara chache kwa mwaka, lakini mkanda wa ngozi hutumika kila asubuhi kabla povu halijapakwa, na uzuri au ubovu wa mkanda huo ndio unaoamua kama uso utatoka laini au utabaki ukiwaka hadi adhuhuri. Ndiyo maana nimeona inafaa kuuandikia kwa kirefu mkanda mmoja unaotengenezwa kwa mkono hapa Lamu, katika kiwanda kidogo cha viatu upande wa Langoni, ambako fundi aliyezoea kushona makubadhi hukubali kutengeneza mikanda ya kunolea nyembe kwa anayemwagiza. Nimeutumia katika masika na katika kaskazi, na nauona kuwa bora kuliko mikanda mingi inayoletwa kutoka ng'ambo, kwa sababu fundi wake ameelewa kwamba ngozi ya kunolea haihitaji kupambwa.

Mkanda wenyewe ni wa kuning'inizwa. Una matabaka mawili yanayokutana juu kwenye pete ya shaba: la mbele ni ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 3 hivi, na la nyuma ni kitambaa cha tanga. Upana wake ni sentimita 7 na sehemu ya kunolea ina urefu wa sentimita 45. Vipimo hivi vina maana. Makali ya wembe wa kukunja wa kawaida yana urefu unaokaribia sentimita 7, kwa hiyo wembe hupita wote kwa pamoja, kuanzia kisigino hadi ncha, na mtu halazimiki kuuvuta mshazari kama inavyombidi kwenye mikanda myembamba ya sentimita 5. Kwa anayeanza kujifunza, upana huo humwondolea nusu ya taabu.

Kitu cha kwanza nilichokichunguza ni ngozi. Ngozi nyingi zinazouzwa madukani siku hizi hudabaghiwa kwa chumvi za kromu, maana kazi hiyo haichukui muda na ngozi hutoka nyororo, nyepesi kukunjika, inayofaa kwa mikoba na viatu vya mjini. Ngozi ya namna hiyo, ikivutwa, hunyumbuka. Na wembe ukipita juu yake, ngozi huinuka kidogo nyuma ya makali na kuyaviringa badala ya kuyanyoosha. Fundi huyu hutumia ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya miti, kazi ambayo huchukua majuma na pengine miezi, kwa kuwa tanini ya magome hupenya polepole mpaka kwenye kiini cha ngozi na kuiacha ikiwa nzito, imara na isiyovutika ovyo. Kenya imezalisha tanini ya magome ya miwati tangu enzi za ukoloni, na katika visiwa vyetu hivi magome ya mikoko yaliwahi kuwa bidhaa iliyosafirishwa ng'ambo pamoja na boriti, kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Ngozi ya magome ndiyo ambayo soli za makubadhi mazuri hukatwa, na mshona viatu wa makamo huitambua kwa kuikunja kidogo tu kwa kidole gumba.

Hata katika ngozi moja si kila sehemu inafaa. Ya tumboni ni legevu, na ukanda uliokatwa hapo huanza kupinda upande mmoja kabla haujazoea kazi. Huu wangu umekatwa mgongoni, karibu na uti, ambako nyuzi za ngozi zimebanana na kuelekea upande mmoja. Nimeupima kwa rula ya chuma iliyosimamishwa ubavu, kwanza katikati kisha kwenye kingo zote mbili, nikitazama mwanga kwa upande wa pili, na sikuona mwanga ukipenya isipokuwa chini kabisa karibu na mshono wa mpini. Chini huko pia kuna alama ndogo ya mwiba, kovu la urefu wa punje ya mchele, kwa sababu ng'ombe wa bara ya Tana na Garissa hukulia porini na ngozi zao hubeba historia hiyo. Fundi aliiona kabla ya kukata na akaipanga iangukie mahali ambapo wembe haufiki. Uamuzi huo mdogo ulinionyesha umakini wake kuliko maelezo yoyote ambayo angenipa.

Uso wa ngozi ni ule wa upande wa nywele, umeachwa mtupu, haukupakwa rangi wala vanishi. Mapambo yamewekwa kwenye mpini peke yake: vipande vya ngozi nyekundu na kijani vilivyokatwa na kupachikwa kwa mtindo wa makubadhi, vikashonwa kwa uzi uliopakwa nta. Matundu ya mshono yametobolewa kwa msharasi, moja moja, na yanalingana hivi kwamba mshono wa nyuma hautofautiani na wa mbele. Kingo za mkanda zimesuguliwa kwa mti mpaka zikang'aa. Ni mapambo yanayopendeza, nami nimefurahi kwamba yameishia pale, maana rangi nyeusi inayotumika kwenye viatu ingeachia masizi kwenye wembe na hatimaye shavuni.

Sasa niseme juu ya mvuto, kwa kuwa hapo ndipo mikanda hutofautiana hasa. Wembe unapopitishwa juu ya ngozi, ngozi huushika kidogo kabla ya kuuachia, na mkono huhisi ushikaji huo. Mikanda ya ngozi ya nyonga za farasi iitwayo cordovan, inayosifiwa sana Japani na Marekani, ina mvuto mdogo sana. Wembe huteleza juu yake kimya kimya. Kampuni ya Horween ya Chicago, iliyoanza mwaka 1905, huchukua karibu miezi 6 kuitengeneza ngozi hiyo, na bei yake inaonyesha hivyo. Sikatai uzuri wake. Hata hivyo, mkanda wa fundi wetu una mvuto wa wastani unaokaribia kuwa mzito, na mimi naupendelea, kwa sababu mkono hupata habari. Makali yakiwa yamechoka, mvuto huwa wa kukwaruza na sauti hukatikakatika. Kadiri yanavyonyooka, mvuto huwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho na sauti huwa moja, ya chini, ya mfululizo. Mtu akishaijua sauti hiyo hana haja ya kuhesabu.

Asiyeijua bado na ahesabu: mapito 20 hadi 30 kwenye kitambaa, kisha 50 au 60 kwenye ngozi, kwenda na kurudi kukihesabiwa kuwa pito moja. Mgongo wa wembe hutangulia na makali hufuata, wala mgongo hauinuliwi kutoka kwenye ngozi hata wakati wa kugeuza. Wembe hugeuzwa kwa kubingirishwa juu ya mgongo wake. Mkanda huvutwa ukaze, kwa sababu ukilegea ngozi hubonyea na kuyazunguka makali, na makali yaliyozungukwa huviringa. Wengi wanaolalamika kwamba mkanda haufanyi kazi huwa wameulegeza au wameukandamiza wembe kwa nguvu. Uzito wa wembe wenyewe unatosha.

Kwa nini kazi hii ifanywe kila siku? Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi walioufanya kwa hadubini juu ya wembe unaokata nywele. Unywele ni laini kuliko chuma mara 50 hivi, lakini waliona kwamba chuma humeguka vipande vidogo mno pale unywele unapokutana na sehemu ya makali isiyo na ugumu ulio sawa, hasa kama unywele umeinama. Mbali na kumeguka huko, ukingo wa makali, ambao ni mwembamba kupita kiasi, hupindapinda. Mkanda hauwezi kurudisha chuma kilichomeguka. Hiyo ni kazi ya jiwe. Kinachowezekana ni kuunyoosha ukingo uliopinda na kuusugua uwe laini kabla upindaji haujawa mbaya, na ukifanya hivyo kila siku, siku ya kurudi kwenye jiwe husogea mbali. Wembe wangu, wa chuma cha Solingen, Ujerumani, umekaa muda mrefu bila kuonja jiwe tangu nilipoanza kutumia mkanda huu, na bado unanyoa kidevu, mahali pagumu kuliko pote, bila kung'oa.

Tabaka la nyuma linastahili sifa zake. Mikanda ya Ulaya hutumia kitani. Fundi huyu hutumia pamba nzito ya tanga la chombo lililokwisha kazi, la aina ile ile ambayo mafundi wengine wa Lamu na Shela huishonea mifuko. Tanga kuukuu lina faida ya kuwa limekwisha kulainika kwa upepo na jua, kwa hiyo halina ule ugumu wa wanga unaofanya kitambaa kipya kikwaruze. Lina hatari moja, nayo ni chumvi. Tanga lililoloa maji ya bahari kwa miaka lingeutia kutu wembe wa chuma cha kaboni kwa siku chache. Nilimwuliza fundi jambo hilo akanieleza kwamba huliloweka tanga kwenye maji matamu, akiyabadilisha mara kwa mara hadi kitambaa kisiache ladha ya chumvi ulimini, kisha hulipiga kwa gongo la mbao na kulianika kivulini. Kutu sijaiona.

Yapo mapungufu. Pete ya shaba ni ndogo mno. Kulabu ya kawaida huingia kwa shida na mkanda hauzunguki kwa uhuru, kwa hiyo mtu akibadilisha upande kutoka kitambaa kwenda ngozi lazima auvue kwanza. Mpini pia ni mfupi kwa mkono mkubwa, na kwa kuwa mkono ndio unaoukaza mkanda, hili si jambo dogo. Kitambaa nacho ni kirefu kuliko ngozi kwa upana wa kidole, kwa hiyo hulegea unapovuta ngozi na hugonga vifundo vya vidole. Mambo yote matatu yanarekebishika, na hakuna hata moja linaloyadhuru makali.

Hali ya hewa yetu inadai uangalifu ambao vitabu vya Ulaya havikuufikiria. Ngozi ya magome hupata kuvu upesi wakati wa masika, hasa ikining'inizwa kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa sababu kuta hizo hunyonya unyevu na kutoa chumvi. Mkanda uuning'inize kwenye fremu ya mlango au kwenye boriti, mahali upepo unapopita, wala usiuache chooni. Mafuta ya nazi, ambayo mkono wa mtu wa Pwani huyakimbilia kwa kila kitu, yasitiwe kwenye ngozi hii. Huilainisha kupita kiasi na baadaye huvunda. Kuisugua kwa kiganja safi kila mara kabla ya matumizi kunatosha, kwa kuwa joto la mkono na mafuta yake ya asili huirutubisha pole pole. Wembe, baada ya kukaushwa, upakwe tone moja la mafuta ya cherehani na upanguswe kabla haujarudi kwenye mkanda.

Kwa vinyozi nina neno moja, nalisema kwa uzito. Mkanda huu ni wa mtu mmoja na wembe wake. Ngozi haiwezi kuchemshwa wala kusafishwa kwa dawa ikabaki ngozi ya kunolea, kwa hiyo wembe uliogusa ngozi ya mteja mmoja usipitishwe kwenye mkanda kisha kwa mteja mwingine. Wembe mpya wa kutupwa kwa kila mteja ndio utaratibu salama wa kibanda cha kinyozi, na mkanda, hata uwe mzuri kiasi gani, haubadilishi hilo.

Nilitoa shilingi 4,000, bei ambayo naiona ya haki kwa kazi inayomchukua fundi siku nzima baada ya ngozi na tanga kuwa tayari. Hana akiba ya mikanda iliyokwisha kutengenezwa. Hukata baada ya kuelezwa, na hupenda kuuona wembe kabla ya kupima. Atakayemwendea auchukue wembe wake, aombe pete yenye upana wa sentimita 3 au zaidi, mpini ulioongezwa urefu wa vidole viwili, na kitambaa kilichokatwa sawa na ngozi. Aende asubuhi, kwa kuwa alasiri huwa ameshika viatu vya watu.