Wiki nane za MBSR kwa mtandao: kilichonifaa na kilichonichosha

Kazi yangu ni kupokea simu za wateja ambao wameshakasirika kabla sijasema hata "karibu". Kutwa nzima hedifoni ziko masikioni, mtu ananifokea kwa kosa lisilo langu, nami namjibu kwa upole, "Pole sana kwa usumbufu." Nikirudi nyumbani mabega yamepanda hadi shingoni na usingizi hauji. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye mafunzo ya yoga na uzingativu, yaani kuelekeza fikira kwenye kinachotokea sasa bila kukihukumu. Sikuwa natafuta nuru wala dini mpya. Kwa hiyo nayapima kwa mambo mawili tu: mabega yalishuka? Na nililala?

Programu za simu sikuzitaka tena. Nilishazijaribu, zile zinazokuhesabia siku ulizotafakari mfululizo, na ukiruka moja zinakutumia ujumbe wa kukusikitikia. Mtu anayeshinda na milio ya simu masikioni hahitaji kengele nyingine ya kumwamrisha atulie. Nikachagua mafunzo yenye mwalimu, ya wiki nane, yanayojulikana kwa kifupi cha MBSR (Mindfulness-Based Stress Reduction, yaani kupunguza msongo kwa uzingativu). Kituo nilichosomea sikitaji, maana kuna mahali nitakilaumu.

Mpango wenyewe si wa jana. Ulianzishwa mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn, msomi wa biolojia ya molekuli, katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Walengwa wake wa mwanzo walikuwa wagonjwa wenye maumivu sugu, watu ambao dawa zilikuwa zimewafikisha zilipowafikisha na bado wanaumwa. Kabat-Zinn alichukua kutafakari kwa Kibudha na yoga ya hatha (ile ya mikao ya mwili na pumzi), akaweka ibada pembeni, akabakiza mazoezi. Mifupa ya mafunzo ni ileile kila mahali: kipindi kimoja kwa wiki cha kama saa mbili na nusu, kazi ya nyumbani ya dakika 45 kwa siku, siku sita kwa wiki, na siku moja ndefu ya ukimya karibu na wiki ya sita. Hivyo popote utakapojiunga, unachokilipia hasa ni mwalimu.

Kipindi cha kwanza ni zabibu kavu. Moja tu. Unaitazama, unaigeuzageuza, unaipeleka sikioni na kuibinya usikie kama ina sauti, unainusa, kisha unaiweka ulimini bila kuitafuna. Skrini ilijaa watu wazima wenye heshima zao, kila mmoja na zabibu sikioni. Mwenzetu mmoja alisema amekula zabibu maisha yake yote na hiyo ndiyo ya kwanza kuionja. Kwangu ilikuwa zabibu. Tuendelee.

Kilichonishika ni ukaguzi wa mwili. Unalala chali, sauti ya mwalimu inakuongoza kuanzia vidole vya mguu wa kushoto, unapanda taratibu: unyayo, kisigino, shavu la mguu, goti, nyonga, kisha mguu wa pili, mgongo, tumbo, mikono, hadi utosini. Hutakiwi kulegeza chochote. Unatakiwa uwepo tu pale ulipoelekezwa na uone kuna nini. Siku za mwanzo niliona usingizi. Mwalimu, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza kidogo (nashukuru, maana wengi wao wanaongea kama wanabembeleza mtoto), alisema ukilala umelala, mwili wako ulikuwa unadai deni lake.

Baadaye nikawa nafika usoni nikiwa macho, na hapo ndipo nilipokuta taya. Meno yameumana, ulimi umebanwa juu kwenye kaakaa, na misuli ya chini ya masikio imekaza. Nimelala chini, nyumba kimya, hakuna mteja, na bado nimeuma meno. Kesho yake kazini nikaanza kujichunguza, nikagundua kwamba taya linafunga pale pale ninaposema "Pole sana kwa usumbufu", kabla hata ya neno "sana". Mdomo unaomba radhi, meno yanagoma. Miaka yote hiyo nilidhani maumivu ya kichwa ya jioni yanatokana na skrini.

Yoga inaingia kwa uzito kama wiki ya tatu. Ukiwa na picha kichwani za watu waliojikunja hadi mguu umepita nyuma ya shingo, zifute. Hapa kuna kuvuta magoti kifuani ukiwa umelala, kuinua nyonga huku miguu imekanyaga sakafu, kukunja na kunyoosha mgongo ukiwa umepiga magoti na mikono iko chini, kusimama wima na kuinua mikono polepole mno. Polepole ndiyo kazi yenyewe. Unapeleka mkono hadi pale mwili unapoanza kukataa, unakaa hapo, unapumua, unarudi. Hakuna kushindana. Kwa shingo yangu, zoezi la kuzungusha mabega nikiwa nimekaa kitini lilifanya kazi kubwa kuliko yale ya kwenye mkeka, na naweza kulifanya mezani bila mtu kunitazama mara mbili. Tandiko maalumu si lazima, blanketi lililokunjwa linatosha. Kituo kitajaribu kukuuzia mkeka, mto wa kukalia na kitambaa cha macho. Nimevuka wiki zote nane bila hata kimoja.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Tulianza mazoezi ya mwili bila mtu yeyote kuulizwa afya yake. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, hafai kukaa mkao wa kichwa chini, kwa sababu shinikizo ndani ya jicho linapanda. Mwenye mimba, mwenye presha ya damu isiyotulia, aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, wote wanahitaji kujulikana kabla ya kuambiwa "inama". Na si mwili tu. Mtu aliyepitia makubwa akifumba macho na kukaa kimya muda mrefu anaweza kurudiwa na yale aliyoyakimbia. Mwalimu mwenyewe alilijua hilo. Mmoja wetu alipoanza kulia katikati ya zoezi, alimwambia kwa utulivu, "Fungua macho, dada. Sikia nyayo zako sakafuni. Tazama kitu kimoja chumbani mwako." Ila lilikuwa jambo la kutuambia siku ya kwanza, si la kusubiri litokee.

Jambo jingine litakalowashangaza wengi: MBSR haikufundishi kupumua. Inakuambia uitazame pumzi ilivyo, ndefu au fupi, usiiguse. Kama somo la subira ni zuri. Kama msaada wa papo kwa papo, kwangu halitoshi, kwa hiyo nimechanganya na yoga ya pumzi, ambayo inakubali kuingilia: unatoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Sababu yake ni ya kimwili kabisa. Ukivuta pumzi moyo unaongeza kasi kidogo, ukiitoa unapunguza, na anayevuta breki hiyo ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni. Ukirefusha kutoa, unairefusha breki. Kati ya simu na simu mfumo wetu unatupa upenyo mdogo kabla mlio haujalia tena. Natua viganja mezani, naachia taya, natoa pumzi moja ndefu puani. Mwenzangu wa meza ya jirani alidhani nina mafua.

Kuhusu ushahidi, wauzaji wanatia chumvi. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Ulikuta kwamba kutafakari kwa aina hii kunapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, lakini haukupata ushahidi kwamba kunashinda mazoezi ya viungo, dawa au tiba nyingine. Mwaka 2022 ukatoka utafiti katika JAMA Psychiatry: watu 276 wenye maradhi ya wasiwasi, wengine wakapewa MBSR, wengine dawa ya escitalopram, na baada ya wiki nane matokeo yakawa karibu sawa. Tangazo la kituo changu liliishika habari hiyo kwa mikono miwili. Halikusema kwamba wale walisoma darasani na walimu waliofuzu, na kwamba walipangiwa mazoezi ya nyumbani ya kila siku pia. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ya tangazo. Aongee na daktari wake.

Siku ya ukimya iliniangusha. Si kosa la mpango, ni la kuifanyia nyumbani. Mama watoto alinisaidia sana, akawatoa wadogo nje, lakini haikuchukua muda mlango ukafunguka: "Baba, umelala au uko kazini?" Nilitakiwa nisijibu. Nilijibu. Ukiweza kupata darasa la ana kwa ana, siku hiyo peke yake inatosha kukufanya ulichague. Na kwa anayefanya kazi ya skrini, kukaa tena mbele ya skrini saa mbili na nusu jioni ni kupiga msumari kwenye jeraha. Nilikuwa nageuza simu uso chini na kusikiliza tu.

Dakika 45 za kila siku sikuzifikisha, na simjui hata mmoja katika kundi letu aliyezifikisha kila siku. Nilichoshika ni ukaguzi wa mwili usiku na yoga ya kitini mchana.

Sasa majibu. Mabega yameshuka, ndiyo, hasa siku ninazoyakumbuka. Usingizi unakuja mapema zaidi, ila saa nane za usiku bado naamka. Hasira iko palepale. Tofauti ni kwamba naijua ikiwa bado tayani, kabla haijafika kwenye sauti, na mara nyingi hilo linanipa nafasi ya kuchagua neno jingine. Nyumbani wameliona kabla yangu.

Wakubwa kazini waliposikia, walifurahi, wakaanza kuzungumzia kutuletea mwalimu wa yoga mara moja kwa wiki. Aje, karibu sana. Lakini mimi ningeanza na kurefusha ule upenyo kati ya simu. Uzingativu wangu hauwezi kufanya kazi ya mtu wa pili ambaye hajaajiriwa.

Nampa mwalimu nyota tano, mpango wenyewe nne, kituo mbili. Kabla ya kulipa, uliza mambo haya: mwalimu amesomea wapi na anafundisha moja kwa moja au ni video, watakuuliza afya yako kabla ya kuanza, na rekodi utabaki nazo mafunzo yakiisha. Mimi zangu zilifungwa wiki mbili baada ya kipindi cha mwisho, kisha ukaja ujumbe wa kunialika hatua ya pili kwa malipo. Sikujiunga. Njia kutoka vidole vya mguu wa kushoto hadi utosini naijua mwenyewe, na haihitaji nywila.